Neno la Nne

Rumiana alifika Valdehoyo, mkoa wa Soria, mwezi wa Novemba,
na sanduku lenye gurudumu moja zima
na Kihispania kisichojaza kikombe cha kahawa.
Kazi yake: kumwogesha Don Leoncio Garijo,
mwalimu mstaafu, miaka tisini na mmoja,
magoti yamemsaliti, ulimi ungali wembe.

"Ufunguo uko wapi?"
"Meza," akajibu.
Meza vipi? Juu yake, chini yake, au ameumeza?
(Mzaha huo ni wangu. Mzee alikohoa tu.)

Ndipo somo likaanza, jikoni, moto wa kuni ukitema cheche.
Akauweka ufunguo mezani: ‘en’.
Akavuta droo, akautumbukiza: ‘en’.
Neno lilelile! Juu na ndani havigombani.
Sisi wenye po, na ko, na mo
tungepelekana barazani kwa hilo;
wao wanavitia vyote katika herufi mbili, wanalala.

Kwao Rumiana kuna ‘na’,
siyo hii yetu ya kufungamanisha chumvi na mkate,
bali ‘na’ ya Kibulgaria: ni juu ya, ni kwa, ni ya,
punda mmoja, shehena zote.
Sasa anadaiwa zizi zima.

Wakati ulimtesa kuliko mahali.
Vidonge ni ‘a las siete’, saa moja kamili, hapo ‘a’ ni msumari.
Lakini asubuhi yenyewe ni ‘por la mañana’,
kana kwamba asubuhi ni shamba
unalikatiza kwa miguu, umande hadi kwenye vifundo.
Na ukitaja saa, ‘por’ anaondoka kitini, anakaa ‘de’.
Kwa nini? Mzee alipandisha mabega.
Daktari atakuja ‘dentro de tres días’.
Ndani ya siku tatu, akaelewa,
akapiga deki siku ya kwanza, akapiga deki ya pili,
kumbe maana yake ni zikiisha.
Daktari alikuta sakafu inang'aa na mtu amenuna.

‘Hasta’ hakumsumbua.
Ni ndugu wa hata yetu, wamezaliwa na Mwarabu mmoja,
huyu akavushwa kaskazini, yule akabaki nasi.
"Desde Plovdiv," alisema Rumiana, "hasta aquí,"
akakigusa kiatu chake, soli imeachama.

Usiku mzee alizighani zote kwa mpangilio,
kama alivyochapwa rula hadi akazijua:
a, ante, bajo, cabe, con, contra...
"Cabe ni nini?"
"Kando ya. Imekufa. Hata babu yangu hakuisema."
"Mbona mnaitaja?"
Mzee akaitazama picha ya Visitación
en la pared, ukutani (juu? ndani? tuache).
"Ukiitoa," akasema, "orodha inachechemea."

Alikwenda mwezi wa Machi, ‘de madrugada’,
saa zile ambazo usiku umechoka
na asubuhi haijakubali kazi.
Rumiana alikuwa amekaa kando yake.
Hakuwa na mtu wa kumwambia ni kihusishi gani.

Ofisini, karani Nerea, kucha za kijani, akampa fomu.
Mahali pa kaburi?
Rumiana akaandika pole pole, ulimi nje kama mtoto:
cabe Visitación.

"Hapa umekosea," akasema Nerea.
"Hiki ni kitenzi. Cabe: anaenea, anatosha.
Unataka kusema ataenea? Na mkewe, kwenye shimo moja?"

Rumiana alilitazama lile neno,
maiti iliyovaa koti la jirani aliye hai.
Dirishani theluji ya mwisho ilidondoka kutoka paani,
de, desde, sijui.

"Sí," akasema. "Hilo pia."

Nerea akagonga muhuri.